Sauti Iliyomchoma Bibi Wessely

Hermine alijua amekosea hata kabla kidole hakijainuka. Muziki wa Bwana Zankl ulikuwa na sharti moja: sauti zote kumi na mbili za ngazi ya piano zipite kwa zamu, hakuna ya kurudi mpaka nyingine zimalize. Na yeye, pale katikati, mkono wake uliolelewa na nyimbo za kanisani ukakimbilia sauti tamu ya jirani. Akaendelea, uso mkavu, mpaka mwisho.

Ukumbi ulikaa kimya. Chama chao cha wapenzi wa muziki kilikataza makofi, na kuzomea vilevile. Kila muziki mpya ulipigwa mara mbili Jumapili hiyohiyo asubuhi, kahawa ikinywewa katikati.

Zankl alimkuta karibu na makoti.

"Umesikia ulichofanya?"

"Nimesikia, mwalimu. Nisamehe."

"Mimi na wewe tumesikia. Hawa wengine je?" Kikombe alikishika tu, hanywi. "Huko mjini wanasema hata paka akipita juu ya piano ni yaleyale. Kama sauti ikibadilika na hakuna anayeshtuka, basi wamesema kweli. Naacha kuandika, Hermine. Sikutanii."

Bibi Wessely, anayekaa safu ya mbele kila Jumapili, akapita akitafuna keki.

"Zankl, leo umeniweza. Pale katikati palikuwa patamu, nikasema kumbe huyu naye ana moyo."

Zankl akainama kwa adabu. Alipoinuka, uso ulikuwa umemshuka.

"Unaona? Amependa kosa."

"Niache nirudie," Hermine akasema. "Usimpe mtu mwingine."

"Nimpe nani? Nani mwingine anakubali kupiga wazimu wangu?"

Baada ya kahawa Hermine akarudi kukaa kwenye piano. Alipofika pale katikati, mkono ukataka tena ule utamu. Akauvuta kama anavyovutwa mtoto asiguse jiko, akagonga sauti yenyewe. Ikatoka kavu, ikasimama peke yake. Kiti cha mbele kikalia kwaa.

Watu walipoinuka, Bibi Wessely alikuwa tayari keshamfikia Zankl.

"Wewe mtu, umeniharibia pale pangu. Mara hii pamenichoma kama jino bovu."

"Pale wapi, bibi?"

"Unanidhania kiziwi?" Akaimba, kwa koo lake la mikwaruzo, ile tamu kwanza, kisha ile kavu. Zote mbili sawasawa.

Hermine akamwona mwalimu wake akivuta kiti, anakaa, anamwomba bibi aimbe tena ile iliyomchoma.