Joho Lililopungua Mkono

Mchana huo nilikuwa nimechoka kwa hasira. Nilitoka kugombana kwa simu na Daktari Mchopa, msimamizi wa utafiti wangu wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Tangu juzi namsihi: kitongojini Nangoma watu wanaharisha na kutapika, na karibu wote wanachota maji kisima kimoja, kifungwe. Akanijibu kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba majibu ya maabara hayajarudi, kwamba bila majibu hao ni wagonjwa wa kushukiwa tu, na kwamba kisima kikifungwa sasa wagonjwa hawatatosha kwa utafiti, na mahafali nitayaona kwenye picha za wenzangu. Nikakata simu, nikajitupa mkekani, usingizi ukanichukua na viatu mguuni.

Nikajiona katika nchi iliyofagiwa ikafagilika, kuta zote chokaa, wala hakuna anayecheka. Mwanamke mfupi, mikono imechubuka kwa dawa ya kuua vijidudu, akanishika kiganja. Akaniambia jina lake ni Tahadhari, na kwamba nchi hii hana nyumba, maana kila anakobisha hodi anaambiwa amewahi mno. Akanifikisha langoni, ambako wagonjwa walikuwa wamepanga foleni ndefu isiyoonekana mwisho. Aliyeketi pale ni Bwana Uhakika, pande la mtu, na mbele yake ndoo za maji ya chumvi na sukari. Kila aliyenyoosha mkono aliulizwa ana ushahidi gani kwamba anaumwa. Akishaanguka na kukata roho, Uhakika hutikisa kichwa, husema sasa ameamini, huamuru marehemu apewe maji. Nami, Mungu anisamehe, niliona ana hoja. Bibi Subira naye, mrembo, sauti ya kubembelezea mtoto, alikuwa akiwafuta watu jasho na kuwasihi wasiwe na papara. Nikamsifu. Tahadhari akasema Subira ni mwema kwa mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa, lakini huyu kaajiriwa na mwenye lango.

Nyuma ya lango kulikuwa na chumba cha fundi cherehani. Fundi mwenyewe ni Sifa, akanikumbatia kama shoga yangu wa utotoni na kunivika joho jeusi la mahafali. Nilipolishika nikakijua kitambaa: ilikuwa sanda, imetiwa rangi. Kila mtu alipoanguka kule nje, kipande cha sanda yake kililetwa ndani kikiwa bado kibichi kwa rangi. Unadhani nililivua? Thubutu! Niligeuka mbele ya kioo, nikajitazama ubavu huu na ubavu ule, nikajipenda. Kasoro yake ilikuwa moja tu, halikuwa na mkono wa kulia.

“Kitambaa kimepungua kidogo, shoga,” akasema Sifa, “lakini foleni bado ipo.”

Mlangoni alisimama mwanamke wa kanga, midomo imepasuka kwa kiu, ananitazama mimi. Tahadhari akanisogezea ndoo.

“Mnyweshe. Joho utalikosa, basi.”

Nikalitazama joho, nikamtazama yule mama.

“Tungoje kidogo,” nikasema.

Tahadhari hakunigombeza. Aliuachia mkono wangu akaenda zake. Yule mama akapiga magoti, akalala ubavu, na Sifa akachukua mkasi.

Nilizinduka jasho likinitoka. Ndoto ile haikuhitaji mfasiri. Siku zote hizi nilimwita Mchopa katili, na nikaona kumlalamikia simuni kunanitosha mimi kuwa mtu mwema. Sikumpigia tena. Nilimfuata mwenyekiti wa kitongoji, tukaenda na mnyororo na kufuli, tukakifunga kisima mbele ya wanawake waliosimama na ndoo zao. Nikawaeleza kwamba maji yale yana ugonjwa, yasinywewe hata tone.

Miongoni mwao alikuwapo Bi Asumini, ambaye juzi nilimhoji barazani kwake anachota maji wapi, akanijibu vizuri na kunikaribisha uji. Akatua ndoo.

“Mwanangu, hili umelijua lini?”

Nilitaka kusema habari za maabara.

“Juzi, mama.”

Akaitikia kwa kichwa polepole, akamwaga maji aliyokwisha kuchota.

“Mume wangu ameanza kuharisha jana,” akasema.