Mtetea Aliyefungwa Miguu

Asubuhi Yotham alipompitisha mtetea wa dada yake barabarani, kafungwa miguu kwa kamba ya katani, watu watatu walimuaga. "Safari njema, mzee!" Naye akaitikia kwa mazoea tu, wala hakujiuliza kwa nini.

Kwao Mvumi, kama kwingineko alikopita, mgeni akiondoka hupewa kuku, na kuku huyo hufungwa miguu. Yotham alipewa wengi, maana kwa miaka arobaini alikuwa mgeni kila mahali: Bahi penye mpunga, Kondoa, na kwingine alikokwisha kusahau majina. Wote aliwala njiani. Hakuna hata kuku mmoja aliyefika naye siku ya tatu. Tangu masika alikuwa akilala kwa mdogo wake Klara, na Klara alishamwambia wazi: "Kaka, ukitoroka tena bila kuaga, mlango huu sikufungulii."

Lakini leo hakuwa anatoroka. Alikuwa anakwenda kwenye semina ya kuku wa nyumbani, ukumbi wa kanisa, na kila mtu aliambiwa aje na kuku wa kujifunzia. Klara alikuwa amedamkia kliniki kwa ajili ya mguu wake, na mzee hakukumbuka kuacha ujumbe kwa mtu. Na kuku mwenyewe ndiye huyo huyo mmoja. Wenzake ugonjwa wa mdondo uliwafagia kiangazi.

Bibi mifugo, binti aliyeitwa Erica, alikuwa na sauti ya taratibu. Joto likashuka kutoka kwenye mabati, kuku wote wakanyamaza, na Yotham akaona kama ukumbi umeng'oka ardhini, unaelea polepole juu ya mbuga.

"Chanjo ya mdondo ni tone moja, jicho moja," alisema Erica. "Usimwachie mpaka apepese."

Yotham akainama, kichupa cha chanjo mkononi. Ndani ya jicho la mtetea aliona dirisha dogo, na nje ya dirisha barabara nyeupe isiyo na mtu. Akajiona anaishika, mwepesi, hana mzigo. Tone likaanguka. Barabara ikatetemeka, ikajaa maji kama Bahi mwaka wa mvua, ikazama. Mtetea akapepesa.

"Sasa nataka mchanjaji wa kitongoji," Erica akasema. "Kila miezi mitatu, bila kukosa."

Yotham akashtukia mkono wake uko juu.

Jirani yao Bartolomayo akacheka mpaka jogoo wake akaruka. "Huyu? Miezi mitatu? Hata viatu vyake havimwamini!"

Watu walikuwa bado wanacheka Klara alipotokea mlangoni, anachechemea, vumbi mpaka magotini.

"Nimekutana na watu watatu, wakanielekeza huku," alisema akihema. "Wote wamekuaga, kaka. Na kuku wangu."

"Nilimfunga kwa mazoea, dada." Yotham akachuchumaa, akaifungua kamba. Mtetea akasimama, akajikung'uta. "Nimemchanja."

Erica alishika kalamu. "Mama, huyu mzee atakuwepo miezi mitatu ijayo?"

"Muulize mwenyewe."

"Nitakuwepo," Yotham akasema, na neno likamlemea kifuani kama gunia la mtama, lakini hakulitua.

"Namba ya simu, mzee?"

"Sina, binti yangu."

Klara akavuta benchi. Akaketi, akaunyoosha mguu wake.

"Andika yangu," alimwambia Erica. "Ukipiga, nitamwita. Atakuwa uani."