Kifaa cha Kusikilizia Kilio

Fundi simu hakutulia juma zima, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Fundi mwenyewe ni mwanamke, tena hasikii. Homa ilimziba masikio akiwa bado mdogo, akabaki na sauti yake na macho makali ya kusoma midomo ya watu. Simu zenu anazifufua vizuri tu. Lakini sasa ana mtoto mchanga, mumewe dereva wa malori yuko safarini, na mama mkwe, aliyekuja kumsaidia, ameshasema neno lake: Jumapili anamchukua mjukuu akakae kwake.

"Mtoto atalia mpaka sauti imkauke, wewe umelala fofofo," alimwambia, akitamka polepole ili midomo isomeke. "Sikulaumu, mwanangu. Lakini simwachi."

Jamani, maneno gani hayo ya kumwambia mzazi! Fundi akaenda zake kwa muuza vipuri, akatafute vya kuundia kifaa cha kumsikilizia mtoto.

Muuza vipuri alimmwagia bodi za elektroniki mezani, zile unazozipangia kazi kwa kompyuta, nazo zikaifanya bila kuchoka. Kubwa ilikuwa na matundu mengi ya nyaya, ila inakula betri bila huruma. Akaiacha. Akachagua mbili ndogo zinazowasiliana bila waya: moja ikae kitandani kwa mtoto, nyingine aivae mkononi pamoja na kile kimota kinachotetemesha simu. Hapo hakuhangaika. Kilichomhangaisha ni kihisi cha sauti, yaani sikio lenyewe la kifaa.

Cha kwanza kilijua kelele na kimya, basi. Pikipiki ikipita, mkono unatetemeka. Mfuniko ukianguka, mkono unatetemeka. Akikimbilia chumbani, mtoto kalala zake, na mama mkwe anamtazama tu. Mtazamo ule ulimuuma kuliko matusi. Akarudi dukani, akabadilisha, hakuridhika, akarudi tena.

"Dada, unataka kunihamia?" muuza vipuri akamtania.

"Nikihamia utanipikia?"

Wakacheka, lakini roho yake ilikuwa juu juu.

Mwishowe alichukua maikrofoni ndogo inayopima jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Mwanawe alipolia, akamwekea kiganja kifuani, akagundua jambo: kilio kina pumzi. Kinapanda, kinakatika mtoto avute hewa, kinarudi. Pikipiki haivuti hewa! Akaipangia bodi isubiri mwendo huo tu. Pikipiki zikapita, mkono kimya. Mtoto akalia, mkono ukatetemeka. Fundi akarukaruka jikoni peke yake kama mwendawazimu.

Jumamosi mchana mtoto alilala, bibi yake akabaki naye chumbani akimkunjia nguo za safari. Fundi alikuwa anaosha vyombo mkono ulipotetemeka. Ukaacha, ukaanza tena. Akakimbia na povu mikononi.

Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Lo! Kazi yote bure, na kesho mwanawe anaondoka! Akageuka amwombe mama mkwe ampe muda kidogo tu, ndipo akaona. Yule mama alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya mlango, kishati cha mtoto kakishika usoni, mabega yanapanda, yanatulia, yanapanda tena.

Fundi akapiga magoti. "Mama, kuna nini?"

Mama mkwe alifuta machozi, akainua uso vizuri ili midomo isomeke.

"Kabla ya mumeo nilizaa mwingine," alisema. "Usiku mmoja alilia, akalia, mpaka majirani wakamsikia. Mimi nilikuwa nimechoka, sikuamka. Asubuhi nikamkuta amekata roho. Na masikio yangu mazima, mwanangu. Mazima kabisa."

Machozi yakamtoka fundi naye, akamshika yule mama mikono yote miwili, povu na yote.

Kwikwi ikamrudia mama mkwe, akahisi kile kifaa kinatetemeka. Akakitazama.

"Kimenisikia mimi?"

"Ndiyo, mama. Kimekusikia."

Yule mama akamwangalia mjukuu wake.

"Umekuja mbio," akasema. "Basi abaki kwako."