Vigelegele vya Karantini

Nilikwenda Salé kumpelekea mama dawa zake za kisukari, nikamwambia Anouar nitarudi kesho. Kesho yake serikali ikafunga barabara. Anouar akabaki peke yake Casablanca, kwenye chumba chetu ambacho kwa miaka minne mwenye nyumba aliamini kinakaliwa na mabinamu wawili.

Wiki ya kwanza alinitania kwa simu. "Saluni zimefungwa, Zouhair. Wanaume wa nchi hii watafuga nywele kama kondoo wa Idi." Wiki ya tatu akaacha utani. Akaacha kupika. Akaacha kufungua dirisha. Wenzake walikuwa na ndugu wa kufungiwa nao. Yeye ndugu zake walimfukuza akiwa na miaka kumi na tisa. Siku moja akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya vitunguu: "Nikilala, natamani nisiamke."

Nikamwapisha. Kila alasiri nitapiga, na kila alasiri atakuwepo kupokea. Hatukuahidiana mwaka wala mwezi. Alasiri hadi alasiri, basi. Akaapa.

Kwa mama hakuna mlango wenye ufunguo, kwa hiyo nilipiga simu juu ya paa, katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Kaka yangu Abdelilah akanikuta huko nafuta machozi.

"Unamlilia nani, bwege wewe?"

Mimi niliyejigamba Casablanca nzima kwamba siinamishi kichwa kwa yeyote, nikajibu: "Mchumba wangu."

Uongo huo sikumweleza Anouar. Niliona haya. Kosa ni langu, simtwiki mtu mwingine.

Abdelilah akamwambia mama, naye mama hakulala kwa furaha. Alitoa kabatini mapande mawili ya sukari, yale marefu yaliyochongoka ya kupelekea posa, akayasimamisha juu ya friji. Kesho yake adhana ya alasiri ilipokwisha, na muadhini akaongeza "salini majumbani mwenu," nikapiga. Anouar alipokea mlio wa kwanza.

"Umekula?"

"Yai."

"Zima?"

"Nusu. Nusu nimekuwekea wewe." Akacheka. Siku kumi na moja sikuwa nimekisikia kicheko hicho.

Sikumsikia mama akipanda ngazi. Alininyang'anya simu, akaiweka mdomoni, na kabla ya salamu akapiga kigelegele. Jirani wa kushoto akaitikia bila kujua anaitikia nini. Wa nyuma akaitikia. Mtaa uliokuwa umenyamaza wiki nzima ukisikiliza habari za wafu, ghafla ukalipuka paa kwa paa.

"Kuna nini, Lalla Batoul?"

"Zouhair! Zouhair wangu anaoa!" mama akajibu.

"Mabruki! Tunakula lini?"

"Korona ikitoka tu, nawe usije na barakoa!"

Nilipoipata simu, Anouar alikuwa bado yupo. Nilimsikia akipumua.

"Anouar, sikiliza..."

"Hongera," akasema. Hakukasirika. Heri angekasirika. "Nilijua tu. Mimi nilikuwa wa chumbani."

Akakata. Nikapiga tena, simu imezimwa.

Alasiri iliyofuata, imezimwa. Ya tatu, imezimwa. Nikamfuata Abdelilah, maana kila nyumba ilipewa karatasi moja ya ruhusa ya kutoka na yetu alikuwa nayo yeye.

"Nipe niende Casablanca."

"Karatasi hii inafika kwa muuza mnanaa, haivuki daraja la kutoka Salé. Askari watakuuliza unakwenda kwa nani. Utasemaje?"

"Nitasema ukweli."

"Ukweli gani?"

Mama, aliyekuwa akikanda mkate pembeni, aliacha kukanda. Akaja na mikono yake yenye unga, akaniziba mdomo kwa kiganja. Macho yake hayakushangaa hata kidogo. Alikuwa anajua, sijui tangu lini.

"Usiseme, mwanangu. Mtaa mzima umenipigia vigelegele."

"Mama, atakufa."

"Usiseme."

Ule ulikuwa mkono wa mwanamke mgonjwa wa miaka sitini na minane. Ningeuondoa kwa kidole kimoja. Sikuuondoa.

Leo ni alasiri ya tisa. Mwanamke wa paa la nyuma anaanika nguo, ananiona na simu sikioni, anapaza sauti: "Bwana harusi! Msalimie mwenzio!" Nampungia mkono. Kwenye simu, sauti ya mashine inaniambia kwa adabu kwamba nambari hii haipatikani, nijaribu tena baadaye.