Kirago cha Watu Wawili

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: mtu akikiacha kirago chake kimetandikwa, utasema amehama?

"Amehama," alisema Pelagia, jirani, huku akimfunga kuku miguu kwa ukambaa wa mgomba. "Hapa Murungu kijiji kizima tunajua. Tharsisi kafunga virago, yuko Kirando kwa mwanamke mmoja mnene, muuza dagaa."

Ernesta aliendelea kung'oa mafiga yake, moja moja, akiyakung'uta jivu. "Hakufunga, Pelagia. Baharia wa meli alikikuta kirago kimetandikwa sitahani. Kamba aliifunga yeye baharia."

"Haya. Mimi nasema ya sokoni."

"Na soko lenyewe huwa linafungwa saa ngapi?"

Pelagia akacheka, akamwinamia kuku wake.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, na kesho yake gari lingekuja kuwahamishia kijiji kipya, kando ya barabara ya Kasulu. Kiangazi cha mwaka uliotangulia Tharsisi, mumewe Ernesta, aliondoka na madebe manne ya asali: lori mpaka Kasulu, lori jingine mpaka Kigoma, kisha meli ya kwenda kusini. Usiku wa pili abiria wenzake walimwona sitahani akila muhogo. Kulipokucha hakuwapo. Huko njiani bandari nyingi hazina gati. Watu hushukia mitumbwini gizani, na nani awahesabu? Labda alishuka. Labda aliteleza. Asali ilifika bandarini, kirago kikamfikia Ernesta nyumbani, mtu hakufika kokote.

Tangu siku hiyo Ernesta hakukifungua. Kirago hutandikiwa mtu wa kulala na mtu wa kuzikwa, naye hakujua anamtandikia yupi.

Jioni, jua likiwa bado juu ya migomba, akaja Longinus, mdogo wake Tharsisi, jembe begani, udongo mbichi magotini.

"Shemeji, kwenye orodha ya viwanja wameacha nafasi mbele ya jina lako. Mke au mjane, wanauliza."

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimechimba shimo, pale karibu na kaburi la baba. Tukizike kirago. Ukikataa nitalifukia, sitakulaumu. Lakini kama kaka amekufa, kesho tunamwacha bila hata mahali pa kukaa."

Ernesta aliingia ndani. Alitoka na kirago mikononi.

"Nikitandike kwanza," akasema.

Kamba ilikuwa ngumu, akalitafuna fundo. Kirago kikajikunjua uani, kikatoa harufu ya samaki na mafuta ya mashine. Upande mmoja, mafunjo yalikuwa yameshika kutu ya sakafu ya meli, pale uzito ulipogandamiza: bega, nyonga, visigino viwili. Upande wa pili ulikuwa safi kama siku Ernesta alipoushona.

Longinus alichuchumaa. "Alilala peke yake," akasema. Kisha, bila kugeuza uso, "Na yule wa Kirando, Pelagia?"

Pelagia, aliyekuwa bado uani, alimweka kuku chini. "Sokoni watu husema, baba," akajibu polepole.

"Wamwandike mjane," Ernesta akasema.

Longinus akaitika kwa kichwa, akashika ukingo ili akiviringishe, mara akasita. Mikono yake miwili ilikuwa haifiki ukingo wa pili.

"Shemeji, mbona ulikishona kipana hivi? Alikuwa anasafiri mtu mmoja."

Tharsisi naye aliuliza hivyohivyo, asubuhi ya kuondoka, akicheka, kirago kikimpiga miguuni. Ernesta alikata uzi kwa meno, akajibu kwamba mafunjo yalikuwa mengi bondeni.

Sasa alipiga magoti, akapitisha kiganja kwenye nusu ile safi, toka mwanzo mpaka pindoni.

"Tharsisi," alisema, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili, "nilikishona cha watu wawili. Nilitaka uniambie twende."