Swali la Pipa la Bluu

Swali lenyewe liliulizwa Jumanne, saa tano na nusu asubuhi, na mimi ndiye niliyelijibu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanionea huruma kabla ya kusikia habari yote.

Nafanya kazi idara ya mazingira, dirisha namba tatu. Kazi yangu ni kujibu. Watu wanapanga foleni na shida zao: moshi wa karakana ya jirani, mtaro unaonuka, takataka zinazochomwa chini ya dirisha la mgonjwa. Kwa miaka tisa maswali yamekuwa yale yale, mpaka nikaona naweza kuyajibu usingizini. Nikaandika karatasi, Maswali Ishirini na Majibu Yake, ikachapishwa, ikabandikwa shuleni, zahanati na sokoni. Watu wakaanza kuniita Bi Majibu. Nilijifanya silipendi jina hilo. Uongo mtupu, nilikuwa nalipenda sana.

Nina mdomo pia. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa tayari nabishana na mkunga. Dirishani mdomo ulinifaa: foleni ikianza kununa natupa utani, watu wanacheka, kazi inasonga. Na kila Alhamisi nilikuwa nakwenda sokoni na kipaza sauti kuelimisha umma, na huko utani ndio uliokuwa chumvi. Kuna siku nilisimulia hivi: "Mama mmoja kanipigia simu, ananiuliza, mwanangu, hivi ni kweli moshi wa jiko langu ndio umetoboa anga? Nikamwambia, mama, kwa jinsi unavyounguza vyakula, siwezi kukutetea!" Soko zima likavunjika mbavu. Huyo mama mmoja alikuwa mama yangu mzazi. Sikudhani habari zitamfika. Sokoni kuna masikio mengi kuliko nyanya, ilinipasa nijue.

Basi Jumanne hiyo foleni ilikuwa imetoka mlangoni hadi kwenye ngazi. Mkuu wa idara alikuwa amesimama nyuma yangu, anatazama saa, kwa sababu nilitakiwa kikaoni. Akafika dirishani mwanamke mmoja aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani, mkoba ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Samahani, dada. Kuna pipa la plastiki, la bluu. Limenunuliwa likiwa limeshatumika, karatasi yake imebanduliwa. Likioshwa kwa sabuni mara tatu, ukaweka maji ya kunywa, kisha ukayachemsha... yana ubaya?"

Mimi nilisikia "kuosha" na nikasikia "kuchemsha". Hayo mengine yalipita kama upepo. Kwenye karatasi yangu, jibu la nne linasema chemsha maji ya kunywa. Jibu la kumi na moja linasema usitupe chombo, kitumie tena. Mwanafunzi bora kuliko huyu ningempata wapi?

"Dada yangu," nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye ngazi, "umeosha mara tatu, umechemsha, sasa unataka tukutafutie na mtu wa kuliombea dua hilo pipa? Nenda kanywe maji. Anayefuata!"

Foleni ikacheka. Hata mkuu wa idara nilimsikia akiguna kwa kicheko. Yule mwanamke hakucheka.

"Mimi nimetumwa tu," akasema, akaondoka.

Siku tisa zikapita. Alhamisi ya wiki iliyofuata nilikuwa najaribu kipaza sauti changu, moja mbili, moja mbili, simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu. Yeye anaishi na mama tangu mumewe alipohamishiwa kazi mbali, na ana mimba ya miezi saba, ya kwanza baada ya kuharibikiwa mara mbili. Mimba hii tulikuwa tunaitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayebeba yai.

"Dada, njoo. Mama kaanguka jikoni. Na mimi natapika tangu jana, macho hayaoni vizuri."

Nikatupa kipaza sauti. Miezi miwili ilikuwa imepita sijafika kwa mama, ingawa ni upande wa pili wa mji tu. Kazi, kazi, kazi. Njiani kote nilikuwa nawapangia magonjwa: joto, presha, chakula kilicholala.

Nikagonga geti. Likafunguliwa na kitambaa cha kijani.

Tukatazamana. Nilidhani nimekosea nyumba. Nikarudi hatua nyuma, nikatazama geti, nikamtazama tena yeye.

"Karibu, dada," akasema, macho chini. "Mimi ni mpangaji, chumba cha uani. Wako jikoni."

Nikaingia. Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, jasho linamtiririka, mate yanamtoka na machozi yanamtoka, wala halii. Mdogo wangu alikuwa ameshikilia meza kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono mwingine. Nyuma yao, kwenye mlango wa jikoni, ilipigiliwa misumari karatasi yangu. Ilikuwa imevishwa nailoni isiloe. Mama alikuwa ameweka alama ya kalamu kwenye kila jibu alilotekeleza. La nne lilikuwa na alama. La kumi na moja lilikuwa na alama mbili.

Na kando ya mlango, pipa. Bluu, safi, linang'aa kwa kusuguliwa.

Nikapiga magoti. Chini kabisa, karibu na kitako, kilikuwa kimebaki kipande cha karatasi kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Kilikuwa chekundu, na juu yake imechorwa nusu ya taya yenye meno. Taya hiyo naijua, ni ya fuvu la alama ya sumu. Nimeiona kwenye maghala ya viuatilifu vya mashambani, kwenye mapipa ambayo sheria inataka yatobolewe yakiisha dawa, yasitumike tena kwa chochote. Dawa ile inanywewa na plastiki yenyewe. Utaosha kwa sabuni mpaka mikono ichubuke, siku ya pili inatoka tena taratibu ndani ya maji.

"Hili pipa limetoka wapi?" nikauliza.

"Nililinunua kwa wauza mapipa pale njia panda," mama akasema kwa shida. "Mdogo wako asiiname kisimani na tumbo lile."

"Lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Na mnayanywa maji haya?"

Mama akainua kichwa. Pamoja na hali ile alionyesha fahari kidogo, kama mtoto aliyepatia swali kwenye mtihani.

"Tunachemsha," akasema. "Kama ulivyoandika."

Mungu wangu. Kuchemsha kunaua vijidudu. Sumu haichemki ikafa. Inabaki sufuriani inakungoja, na maji yakipungua inazidi ukali. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na katika maswali yote ishirini sikuliandika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Isipokuwa mmoja.

Badala ya kuona aibu nikapandisha hasira, ndivyo nilivyo. "Mama! Una mtoto kazi yake ni hii! Kwa nini hukuniuliza?"

Mama akageuza uso ukutani. Mpangaji ndiye aliyejibu, polepole, bila ubaya wowote, na afadhali angenitukana.

"Aliuliza, dada. Alinusa maji akaona kama yana harufu, akanituma mimi. Alisema akiuliza mwenyewe utamcheka, halafu utakwenda kumcheka sokoni. Nikamletea jibu lako. Akafurahi sana. Akaweka ile alama ya pili."

Siku tisa. Kikombe cha asubuhi, kikombe cha mchana, kikombe cha usiku, mara siku tisa, kwa ruhusa yangu, na kicheko juu yake.

Nililivamia pipa kwa bega. Lilikuwa limejaa zaidi ya nusu, zito kama ng'ombe, lakini hasira ina nguvu zake. Nikalisukuma hadi nje ya kizingiti, likaenda chini kwa kishindo, maji yakafunika uani. "Lisibaki hata tone!" nilipiga kelele. Nikalipiga teke na pipa lenyewe. Kisha nikamnyanyua mama, mpangaji akamshika mdogo wangu, tukatafuta gari.

Hospitalini daktari alimulika macho ya mama kwa tochi ndogo, akamulika ya mdogo wangu, akaita wauguzi wawili kwa mpigo. Mboni zilikuwa zimesinyaa zikabaki vitone. Hakuniuliza kama ni sumu, aliniuliza sumu gani. Nikamweleza pipa. Sindano zikaanza.

"Wameyanywa muda gani?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu!" Akaacha kuandika. "Na hakuna mtu hata mmoja aliyewaambia?"

Mpangaji alikuwa amesimama pembeni yangu. Na mimi, Bi Majibu, nikatazama viatu vyangu mpaka daktari akachoka kungoja.

Wakaleta kile chombo cha kusikilizia tumbo. Mdogo wangu akafumba macho, akanishika kidole kimoja, hakuushika mkono. Kwanza tulisikia mkwaruzo mtupu. Daktari akasogeza chombo huku, akakisogeza kule. Nikaanza kuhesabu matofali ya ukutani, nikapotea, nikaanza upya. Kisha tukasikia, kwa mbali, haraka haraka.

"Moyo unapiga," daktari akasema. "Kwa leo naweza kusema hivyo tu. Kesho tutasikiliza tena."

Nikatoka nikalia kwenye korido, kilio cha sauti, bila kujali watu. Niliporudi mama alikuwa amekauka jasho na macho yake yamefunguka. Akaniashiria nisogee.

"Mwanangu," akanong'ona. "Nina swali. Usinicheke."

Maneno hayo yalinikata kuliko yote ya siku ile. Mwanamke aliyenibeba mgongoni ananiomba ruhusa ya kuuliza.

"Sitacheka tena, mama. Uliza."

"Yale maji uliyomwaga uani." Akameza mate. "Uani pana mteremko. Na mdomo wa kisima uko sawa na ardhi, ule ukuta wake ulibomoka wakati wa mvua, ulikuwa hujaja. Hivi hayataingia?"

Nikayaona tena maji yale, wazi kabisa, kama nilikuwa nayatazama wakati nayamwaga. Yalipita jiwe la kufulia. Yakapita chini ya beseni. Yakaelekea kule kule ambako maji yote ya uani huelekea tangu nilipokuwa mtoto nikiyachezea. Kisima kile ni cha mama, lakini geti hafungi, na ikifika jioni mtaa mzima huja kuteka. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja kasoro.

Mpangaji akasema, "Nenda. Hawa niachie mimi."

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu, kiatu kimoja mkononi, nilikimbia hadi nikapata pikipiki, na nilipoteremka nikakimbia tena. Geti lilikuwa wazi. Uani walikuwa watu kumi na wawili au zaidi, na ndoo zao. Pipa la bluu, mtu mstaarabu alikuwa amelisimamisha vizuri kando. Tope lilikuwa na njia moja iliyonyooka hadi ukingoni mwa kisima, na ndoo tatu zilikuwa zimeshajaa. Mzee mmoja alikuwa ameinamisha ya kwake amnyweshe mjukuu.

"Mwaga!" nikapiga kelele, papo hapo nikajishika mdomo. "Hapana! Usimwage! Weka chini! Msinywe, msimwage, wekeni chini zote!"

Wakageuka. Wakanitambua, jasho, kiatu mkononi.

"Ah, Bi Majibu!" akasema mama mmoja, akaanza kutabasamu. "Leo umetuletea kituko gani?" Na wengine nao wakaanza kutabasamu, wanangoja utani wao wa Alhamisi, kwa sababu ilikuwa Alhamisi.

"Kisima kina sumu," nikasema.

Tabasamu zikabaki nusu nusu. Mzee akamvuta mjukuu wake nyuma. "Sumu? Nani kaweka sumu?"

"Mimi."

Hakuna aliyecheka. Nikasubiri wanitukane, hawakunitukana, walinitazama tu, na yule mtoto akawa anafuta midomo yake kwa kiganja, tena na tena.

"Sasa haya ya ndooni tuyapeleke wapi?" mzee akauliza.

Lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nikalitafuta jibu lake katika yale ishirini, moja moja, halikuwemo.

"Sijui, baba," nikasema. "Nitauliza."

Nikaburuta bati lililoegemezwa ukutani, nikafunika kisima, nikaketi juu yake.