Yule Bwana Alienda Luena

"Siku maneno itanikosa mu kinywa, muninyoe kichwa na kipande ya chupa, bila maji."

Hivyo ndivyo Umba alivyozoea kujisifu pale sokoni Kamina, na watu walimwamini, maana yeye ndiye aliyekuwa mfasiri wa sinema kwenye ukumbi wa paroki. Filamu zilikuja na Kifaransa chao, watu walikuja na Kiswahili na Kiluba chao, na katikati, kando ya mashine ya filamu, alisimama Umba na bomba lake la bati la kupazia sauti, akiwapa wazungu wa kwenye shuka lililotundikwa ukutani maneno ambayo hata wao wangeyakopa.

Kisha homa ikamshika baba yake, mtu wa reli, na kabla ya Jumapili akazikwa. Aliitwa Stanislas. Serikali ya Zaire ilikuwa imeyakataza majina ya kizungu, lakini nyumbani jina hili halikuhama. Majirani walilia, hata wachimba kaburi walilia. Umba hakulia. Alipanga viti, akawatania wapiga ngoma kwamba marehemu alicheza vizuri kuliko wanavyopiga. Ndani mwake kulikuwa kama mguu uliolaliwa: upo, lakini si wako.

Mama yake, Émerence, naye hakulia. Hakusema hata neno. Matanga yakaisha, mikeka ikakunjwa, yeye akabaki ameketi, akitazama ugali wake wa bukari mpaka ukaota ngozi. Umba alimtania asubuhi, akamtania jioni. Afadhali kutania ukuta. Ukuta angalau una mwangwi.

"Mulete kwa sinema," akaambiwa na Sadiki, mwana wa wafanyabiashara wa Maniema, ambaye aliendesha mashine. "Padri amepata moja ya kuchekesha. Iko familia moja, ni vituko tu."

"Uliiona?"

"Kopo yake iliandikwa 'komedi', ndugu yangu. Niione ya nini tena?"

Basi Denise, dada yake Umba, akamleta mama kwa mkono, akamketisha kwenye benchi lililo karibu na mashine.

Filamu ikaanza. Bwana mmoja mnene anakunywa supu, anacheka, mara paa, uso ndani ya sahani. Ukumbi mzima ukacheka. Mkewe akamtikisa, akapiga ukelele kwa Kifaransa: amekufa. Umba akainua bomba lake. Akamwona mama yake pale kwenye benchi.

"Amelala," akasema. "Ile supu ilikuwa na pombe ya lotoko ndani."

Watu wakazidi kucheka. Lakini uongo ukiuzaa, utaulea. Likaja sanduku la mbao.

"Kabati mupya. Wanairudisha kwa seremala, mulango haifungi."

Wakaja watu waliovaa nyeusi.

"Hii ni korali. Iko naenda kuimba ku ndoa."

Sanduku likawaponyoka wabebaji, likateremka ngazi peke yake, padri wa kizungu akilikimbiza, na watu wakacheka mpaka benchi la nyuma likavunjika.

"Na yule bwana iko wapi?" mtu akauliza toka gizani.

"Bwana alienda Luena. Atarudi na treni."

Mjane wa kwenye shuka akarudi nyumbani. Akaweka sahani mbili mezani. Akaona kosa lake, akaichukua moja, akairudisha kabatini taratibu, isilie. Hakuna aliyecheka.

"Anamungojea," Umba akasema. "Treni ya Luena inachelewaka, munajua. Anamungojea tu. Bwana iko njiani, anakuja na..."

Bomba likabaki mdomoni. Halikutoa kitu. Filamu ikaendelea na Kifaransa chake peke yake hadi mwisho, na watu wakatoka wakinung'unika.

Taa zilipowaka, Umba alimwendea mama yake, kicheko chake cha kila siku kikiwa tayari usoni.

"Mama, filme ilikuwa muzuri?"

Mama Émerence akafungua kinywa. Sauti ikatoka na kutu, kama bawaba ya mlango wa nyumba iliyohamwa.

"Minyi sikuangalia filme. Niliangalia weye."

Denise akaacha kukunja kitambaa chake.

"Ulikuwa unasema Luena, Luena," mama akaendelea, "na machozi inashuka, inaingia mu ile bati. Baba yako alikufa, mwana. Hakuenda Luena."

"Aah, mama. Ile ni moshi ya grupu, ile mashine ya umeme. Inachomaka macho."

Mama na Denise wakamgeukia Sadiki. Alikuwa akizungusha utepe wa filamu urudi kwenye kopo lake, na hakuinua kichwa.

"Grupu iko inje, Umba, nyuma ya kanisa," akasema. "Na minyi nilisimama pembeni yako. Macho yangu iko ya kukauka."